Siku Tano kwenye Mawe ya Ikombe

Jumatano: Uyole hadi Matema

Tuliondoka Uyole saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya viazi, watu wawili wenye mizigo ya watu watano: miwani ya kuzamia, mirija ya kupumulia, mapezi ya miguuni, kamba ya mita 50 iliyotiwa alama, fremu ya mraba ya bomba la plastiki, vibao vya kuandikia chini ya maji, kamera ndogo ndani ya kasha lake, chupa tupu 20, na kisahani cheupe cha bati kilichofungwa kamba yenye fundo kila mita. Mwenzangu ni mwanafunzi wa sayansi ya uvuvi, kijana wa Iringa, ambaye mpaka asubuhi hiyo samaki pekee aliowahi kuwaona wakiwa hai ni perege wa bwawani. Mimi nimezaliwa Uyole, ila kwa miaka 11 kazi yangu imekuwa pwani, kuhesabu matumbawe na samaki wake katika maji ya Mafia, na nyumbani nimekuwa mtu wa kuja Krismasi na kuondoka. Safari hii nilikuja na swali. Nilitaka kujua kama mawe ya Ziwa Nyasa, ambayo samaki wake wanasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima, yanaweza kupimwa kwa njia zilezile tunazozitumia kwenye miamba ya matumbawe, na kama ndivyo, ulinzi wake unapaswa kuanzia wapi.

Barabara ilipopanda Uporoto kuelekea Isongole nilimwomba dereva asimame kidogo. Hapo ndipo maji yanapoagana. Mvua inayonyesha upande wa kaskazini hushuka Usangu, huingia Ihefu, huwa Ruaha Mkuu, hupita Mtera na Kidatu, huungana na Rufiji na kumwagika baharini mbele ya Mafia, mahali ninapofanyia kazi. Inayonyesha upande wa kusini huingia Kiwira na mito mingine ya Rungwe, hushuka Ziwa Nyasa, hutoka kwa mto Shire, huingia Zambezi na kufika bahari ileile kupitia Msumbiji. Na magharibi kidogo, nyuma ya jiji la Mbeya, Songwe ya kaskazini hupeleka maji yake Ziwa Rukwa, ambalo halina pa kutokea. Kijana aliuliza Ruaha Mdogo, unaopita chini ya mji wao, unakwenda wapi. Nilimwambia unakwenda Mafia pia, na alinyamaza mwendo mrefu baada ya hapo.

Kutoka Isongole ni kushuka tu: migomba, chai ya Tukuyu iliyokatwa sawasawa kama zulia, kisha joto linaongezeka, makoti yanavuliwa, na kakao ya Kyela inaanza kuonekana chini ya miembe. Ilikuwa mwisho wa Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha mara mbili tatu, na miteremko mingi ilikuwa imelimwa na kuachwa wazi ikisubiri mbegu. Niliandika hilo kwenye daftari bila kulipa uzito. Tulikula Ipinda, wali wa Kyela na usipa wa kukaanga, na saa tisa alasiri tukawa Matema.

Aliyewahi kufika Matema anajua jinsi mahali pale panavyomnyamazisha mtu. Mchanga unakuja kutoka magharibi, tambarare, maili nyingi, halafu ghafla Milima ya Livingstone inasimama na kuzuia kila kitu, na miguu yake iko ndani ya maji. Mlima ule ni ukingo wa bonde la ufa, na mteremko unaouona juu unaendelea chini ya maji vilevile, kwani ziwa hili lina kina cha takriban mita 700 mahali palipo na kina kirefu zaidi. Tulipeleka barua zetu ofisi ya kijiji, tukasalimia kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, na jioni tukakubaliana na mzee mmoja mwenye mtumbwi wa mti mmoja kwamba atatupeleka Ikombe alfajiri.

Alhamisi: Ikombe

Mzee alikuja kabla ya jua. Tulimwamkia, akaitikia, akaangalia mizigo yetu na kutupunguzia nusu yake bila kutuuliza. Mtumbwi wa Ziwa Nyasa ni mwembamba na tumbo lake ni la duara, na mpiga kasia hukaa juu ya ukingo, mguu mmoja ndani, akipiga kasia kwa utulivu unaoweza kumdanganya mgeni kwamba ni kazi rahisi.

Dakika za mwanzo tulipita juu ya mchanga mtupu. Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba kivuli cha mtumbwi kilionekana kikitembea chini kabisa, na samaki mmoja mmoja wa rangi ya mchanga alikimbia mbele yake. Kisha yakaja mawe. Yanaanza ghafla pale mlima unapogusa ziwa: mengine makubwa kama nyumba, mengine kama magunia ya mpunga yaliyomwagwa, yamepandana na kuacha mapango na nyufa kila mahali. Mzee alitia nanga, yaani jiwe lililofungwa kamba ya katani, nami nikaingia majini.

Nimeona miamba mingi ya matumbawe, nami siandiki hili kwa pupa: yale mawe ya Ikombe yana uhai wa kulinganishwa na mwamba mzuri wa Mafia. Palikuwa na samaki kila upande, wa buluu iliyokoza wenye milia myeusi, wa manjano, wa kahawia wenye madoa, na kila dume alikuwa na ufa wake aliokuwa akiulinda kwa ukali. Wenzetu wa Malawi huwaita mbuna. Ni wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege, na ziwa hili lina spishi zao zinazokadiriwa kati ya 700 na 1,000, karibu zote zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Hakuna ziwa lolote lenye spishi nyingi za samaki kuliko hili.

Nilimfuata mmoja kwa muda mrefu. Alikuwa na pua nene ya nyama iliyoning'inia juu ya mdomo, na kwa pua hiyo nilimtambua: Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina la daktari wa Kijerumani, Friedrich Fülleborn, aliyekusanya samaki katika mwambao huu mwishoni mwa karne ya 19, na kuelezwa kisayansi na Ernst Ahl mwaka 1926. Samaki wengine wanaokula utando wa mwani juu ya mawe huinua mikia na kusimama kichwa chini ili meno yafike kwenye jiwe. Huyu hana haja. Hulala sambamba na jiwe, tumbo likikaribia kuligusa, hubonyeza pua yake kama mtu anayeegemeza mkono kabla ya kung'oa gugu, na mdomo ulio chini ya pua hunyofoa mwani. Nilisikia mlio wa meno yake kwenye jiwe, mkwaruzo mdogo mkavu. Baharini pono hufanya kazi hiyohiyo kwenye matumbawe, naye husikika hivyohivyo.

Baadaye kijana, aliyekuwa akijifunza kupumua kwa mrija akishikilia ukingo wa mtumbwi, alitoa kichwa na kusema kuna samaki mwenye mashavu yaliyovimba ambaye wenzake wanakula naye hali. Nilimwambia amtazame vizuri, kwa sababu yule ni mama. Majike wa samaki hawa hutaga mayai machache, huyaokota mara moja mdomoni, na huyabeba humo wiki tatu hivi mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi lake la chini yanayofanana na mayai. Jike anapojaribu kuyaokota madoa hayo akidhani ni mayai yake, hupokea mbegu za dume, na mayai hurutubishwa mdomoni. Uzazi wa namna hii hauna yai la kupotezwa, lakini pia hauna yai la ziada. Chewa baharini humwaga mayai kwa maelfu mengi, na mkondo huwapeleka watoto wake mwamba mwingine, kwa hiyo mwamba uliokufa unaweza kupokea wakazi kutoka mbali. Mbuna hana mkondo wa kumchukua. Mtoto anayetoka mdomoni mwa mama yake huanza maisha kwenye jiwe lilelile.

Wakati wa kula mihogo ya kuchemsha mtumbwini nilimuuliza mzee kama samaki wa huku ni sawa na wa rasi inayofuata. Alicheka kwa upole.

"Wa huku ni wa huku, mwanangu. Ukienda mbele utamkuta anayefanana naye, lakini kichwa ni cha rangi nyingine. Hawavuki mchanga. Mchanga ndio mpaka wao."

Geoffrey Fryer, aliyechunguza samaki wa miamba ya Nkhata Bay upande wa Malawi katika miaka ya 1950, alieleza jambo hilohilo kwa kurasa nyingi: vipande vya mawe vilivyotengwa na mchanga au kina kirefu ni kama visiwa, na kila kisiwa kinaweza kulea aina yake. Mzee hajasoma kurasa hizo. Amevua hapa tangu akiwa mtoto wa kushikishwa kasia.

Ijumaa: kamba ya mita 50

Siku nzima ilikuwa ya kupima. Kazi hii haivutii kuiangalia, ila ndiyo inayotofautisha kumbukumbu na ushahidi. Unalaza kamba juu ya mawe kwa kina kimoja, unaogelea taratibu sana juu yake, unaandika kila samaki aliye ndani ya upana uliokubaliwa, kisha unarudi na fremu ya mraba na kuandika jiwe lililofunikwa na nini: mwani mfupi, mwani mrefu, tope, au jiwe tupu. Njia hii nimeichukua pwani bila kubadilisha kitu, isipokuwa safu ya "tumbawe hai" kwenye kibao, ambayo niliifuta na kuandika "mwani safi".

Kubadilisha safu hiyo kulinifanya nifikirie tofauti iliyopo. Mwamba wa matumbawe umejengwa na wanyama wenyewe, polipu wadogo wanaoishi na mwani wa hadubini ndani ya miili yao, na bahari ikizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa, polipu humtoa mpangaji huyo na kupauka. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Tutia, kusini mwa Mafia, yalikufa hivyo, ingawa hifadhi ya bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilikuwa imeshaanzishwa mwaka 1995. Mipaka ya hifadhi haizuii joto. Tukio la nne la kupauka duniani lilitangazwa Aprili 2024, na wengi wetu tunaofanya kazi pwani tumechoka kwa namna ambayo si ya mwili. Mawe ya Ikombe hayawezi kupauka. Yalikuwepo kabla ya samaki, na hayatakufa. Nilijikuta nikifarijika na jambo hilo asubuhi nzima.

Hata hivyo ziwa lenyewe limepitia makubwa. Mwaka 2005 watafiti walichimba sakafu yake na kutoa mihimili ya tope, na matabaka yake yalionyesha kwamba zamani, katika ukame uliotokea kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita 500. Mawe tuliyokuwa tukiyapima yalikuwa mlimani. Samaki waliopo leo wametokana na waliosalia kwenye maji yaliyobaki, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba spishi mbili za sikilidi wa ziwa hili hutofautiana kwa wastani wa asilimia 0.1 hadi 0.25 tu ya vinasaba vyao. Tofauti ni ndogo mno. Kinachozitenga aina nyingi zisichanganyike ni kwamba jike humchagua dume wa rangi ya kwao, na ili achague ni lazima amwone.

Mchana kasha la kamera liliingiza maji. Chembe moja ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye mpira wa kuziba, nami nilikuwa nimelifunga mwenyewe. Picha zote za Alhamisi zilikwenda, pamoja na zile za samaki mama. Tuliendelea na vibao na penseli.

Kabla ya kurudi tulishusha kisahani. Kifaa hiki ni cha tangu mwaka 1865, kazi ya padri na mtaalamu wa nyota wa Italia, Angelo Secchi, na mpaka leo hakuna kilicho rahisi zaidi cha kupimia uangavu wa maji: unakishusha upande wa kivuli, unaangalia, na kinapopotea machoni unahesabu mafundo. Mzee alikishusha mwenyewe. Kilipotea kwenye fundo la 11. Alikipandisha, akakishusha tena, na kutikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepima mpunga wake mwenyewe.

Jumamosi: mvua

Ilianza kunyesha saa nane usiku. Mvua ya Kyela haina mwanzo wala ngazi, inamwagika, na juu ya bati haiwezekani kusikilizana. Kulipopambazuka mlima haukuonekana.

Jumamosi ni siku ya soko la Lyulilo, na mvua haikulizuia. Kuanzia saa mbili mitumbwi ilitokea ndani ya ukungu ikitoka Ikombe, imejaa vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine na kushikizwa kwa majani makavu, akina mama wakiwa wamekaa katikati bila kutikisika. Vyungu hivi huuzwa hapa na kupelekwa mpaka Mbeya na mbali zaidi, na nyumbani kwetu Uyole maji ya kunywa yalitunzwa ndani ya kimoja wapo kwa muda wote wa utoto wangu. Ni vyepesi na vyembamba, vya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukikigonga kwa kucha kinalia.

Mvua ilipopungua mzee alikubali kutupeleka upande wa mlango wa mto Lufilyo, kwa sharti kwamba hakuna anayeingia majini, kwa sababu ya mamba. Hakukuwa na haja ya kuingia. Mpaka kati ya maji mawili ulikuwa unaonekana kama ukingo wa kitambaa: upande mmoja kijani cha ziwa, upande wa pili kahawia nzito yenye matawi, magome ya migomba na povu. Tulijaza chupa. Kisahani kilipotea kabla ya fundo la 1 kumaliza kulowa. Kisha tukapiga kasia kurudi mashariki kuelekea mawe, tukipima kila baada ya muda, na kahawia ile ilitufuata kwa mbali kuliko nilivyotarajia. Kwenye mawe ya kwanza, karibu na mahali ambapo Alhamisi niliona kivuli cha mtumbwi sakafuni, kisahani kilipotea kwenye fundo la 3.

Niliingia majini hapo, mbali na mto. Samaki walikuwepo. Niliwaona kwa urefu wa mkono tu, vivuli vinavyotokea na kupotea, na wa buluu na wa kahawia walikuwa wa rangi moja. Nilipapasa jiwe. Juu ya mwani kulikuwa na utando laini wa tope, nao ulipoguswa uliinuka kama vumbi la unga. Baharini tope kama hili hufunika polipu na kuwanyima mwanga. Hapa humfunika mwani anayeliwa, na samaki mwenye pua nene hula udongo pamoja na chakula chake.

Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu sikilidi wa Ziwa Victoria, na nimekuwa nikiufikiria tangu niko chini ya maji yale. Walionyesha kwamba pale maji yalipochafuka, rangi za madume zilififia, majike walishindwa kuwatofautisha, na spishi zilizokuwa zimetengana zilianza kuchanganyika. Hakuna aliyezivua wala kuzitia sumu. Zilipotea kwa kuoana, kwa sababu hazikuonana vizuri.

Sisemi kwamba mvua ya siku moja inaua spishi. Mito imeleta udongo ziwani tangu kuwepo kwa milima, na maji ya Ikombe yatatulia. Ninachosema ni kwamba idadi ya siku za fundo la 3 kwa mwaka ni jambo linaloweza kuhesabiwa, na kwamba linategemea mteremko umefunikwa na nini mvua inapoanza. Uvuvi nao una sehemu yake: mwaka 2018 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, iliweka spishi 3 kati ya 4 za magege, yaani perege wa ziwa hili, wanaoitwa chambo upande wa Malawi, katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na makokoro na vyandarua vya mbu vinavyoburutwa ufukweni havibagui samaki wachanga. Watafiti waliofanya kazi karibu na Cape Maclear, upande wa Malawi, wamehusisha hata ongezeko la kichocho na kuvuliwa kwa samaki wanaokula konokono karibu na ufuko. Lakini kwa haya tuna kanuni, tuna vikundi vya wavuvi, tuna kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, hapo Kyela. Malawi wana hifadhi ya taifa ya ziwa tangu mwaka 1980 na Msumbiji wametangaza hifadhi yao mwaka 2011. Kwa udongo unaoshuka, hakuna mvuvi wa Matema anayeweza kuuzuia hata akikesha na doria.

Jioni nilinunua chungu kidogo kwa mama mmoja wa Ikombe, na kwa kuwa chupa zilikuwa mkobani nilimwonyesha ile ya Lufilyo, ambayo udongo wake ulikuwa umeanza kukaa chini. Aliifungua, akachovya kidole, akasugua kati ya kidole na gumba.

"Huu haufinyangiki," alisema. "Wa chungu tunauchimba, unashikana. Huu ni udongo wa shamba. Angalia ulivyo mweusi, huu ndio unaootesha mahindi."

Akanirudishia chupa, akajifuta kidole kwenye kanga.

Jumapili: barabara ya Masoko

Tulimuaga mzee alfajiri. Alikataa kupokea kisahani kama zawadi mpaka nilipomweleza kwamba ni kazi, si zawadi: akishushe mara moja kila wiki kwenye jiwe lilelile, na kijana wa familia yake aandike fundo na tarehe kwenye daftari. Hapo alikipokea kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nami nilijibu hivyohivyo, kwa kuwa mwenye deni nilikuwa mimi.

Badala ya kurudi kwa lami kupitia njia tuliyojia, tulipanda kwa njia ya Ipinda na Masoko, ili tuyaone mashamba kwa karibu. Sasa nilikuwa na macho mengine. Mahali palipokuwa na kakao na migomba iliyochanganywa na miti, ardhi ilikuwa na majani makavu juu yake na mifereji ya barabarani ilikuwa na maji karibu meupe. Mahali palipolimwa matuta ya kushuka na mteremko, mifereji ilikuwa kahawia, na kwenye kona za barabara udongo ulikuwa umelundikana kiasi cha kuzama kiatu. Mita chache kati ya shamba na shamba, na tofauti ni hiyo. Kijana alijaza chupa kila tulipovuka maji na kuandika jina la mahali kwenye kizibo.

Ziwa Masoko tulilipitia mchana. Ni dogo na la duara, limo ndani ya shimo la volkeno, na watafiti wamewahi kutoa kwenye sakafu yake tope lililotulia kwa zaidi ya miaka 40,000, tabaka juu ya tabaka, wakasoma humo vipindi vya mvua na ukame wa nyanda hizi. Tulikula ndizi za kuchoma tukilitazama, hatukukaa.

Juu kidogo, karibu na kijito kinachoshuka bondeni, tulimkuta baba mmoja akirekebisha tuta lililobomolewa na mvua ya jana. Tulimsalimia, tukamwomba ruhusa ya kuchota maji chini ya shamba lake, na akataka kujua tunayapeleka wapi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, naye anaijua. Alituambia kwa unyofu kwamba shamba lote alilorithi lina upana usiofika hizo mita 60, na kwamba ana watoto wanne shuleni. Sikuwa na jibu la kumpa, na sikujaribu kulitunga. Nilimwambia tu tulichokiona kwenye mawe. Alisikiliza mpaka mwisho, akiegemea jembe, kisha akauliza samaki hao wanaliwa. Nilimwambia wengi wao ni wadogo, lakini usipa na mbasa anaowanunua sokoni wanaishi katika maji hayohayo, na mbasa hupanda mito hii kutaga mayai kwenye changarawe safi.

Kijana akatoa ile chupa ya Lufilyo. Safari ilikuwa imeitikisa, kwa hiyo tulisubiri sote, imewekwa juu ya jiwe, mpaka maji ya juu yalipoanza kuwa meupe na mstari mweusi ukajitokeza chini. Yule baba aliiinua, akaiweka mbele ya jua, akaigeuza. Akainama na kuokota donge kutoka kwenye tuta alilokuwa akilirekebisha, akalisogeza karibu na kioo, akalinganisha.

"Ni huu," alisema.

Alituuliza kama migomba ikipandwa ukingoni, pamoja na majani ya ng'ombe yale marefu, inaweza kuushika. Nilisema nimeona asubuhi hiyohiyo mahali panaposhika, kilomita chache chini, na kijana akamtajia jina lililoandikwa kwenye kizibo. Anamfahamu mwenye shamba hilo, ni wa kanisani kwao. Aliomba abaki na chupa ili amwonyeshe. Nilikuwa nimeihesabu katika sampuli za kupeleka maabara, lakini zilibaki nyingine mbili za mahali palepale, kwa hiyo nilichukua penseli nikaandika tarehe kwenye karatasi ya kizibo na kumwachia. Aliipeleka nyumbani kwake, akaisimamisha dirishani kwa ndani, akarudi kwenye tuta. Tulifika Tukuyu saa kumi na moja, mvua ikianza tena.